Bagia za kunde za Kibrazili zilizokaangwa na mawese, zinaliwaje wakuu?

Mtoto wa Kibirizi:
Wakuu habari za jioni. Huku Mwanga, Kigoma, kuna kimgahawa cha kawaida tu, viti vya plastiki na jiko liko nje, mwenye nacho alishawahi kupikia Wabrazili akajifunza vyakula vyao vya mtaani na sasa hivi jioni anauza. Nimeshakula coxinha yake, ni kuku aliyechambuliwa akafichwa ndani ya donge la unga wa ngano uliopikwa kwenye supu ya huyohuyo kuku, wanalifinyanga juu linachongoka kama tone la maji halafu linapakwa chenga za mkate na kukaangwa, aisee ni tamu. Na pastel ndo usiseme, ipo kama sambusa iliyolazwa bapa, nyembamba, ukiing'ata kwa pupa ule mvuke wa ndani unakuunguza mdomo.

Sasa anasema Jumamosi anatoa acarajé, yani bagia za kunde zinazamishwa kwenye mawese. Mi mawese nimekulia nayo kwenye maharage na migebuka lakini kukaangia mafuta mengi hivo sijawahi ona, na washkaji wananitisha eti itakaba kooni. Ni kweli Brazili wanakaangia mawese au jamaa kaamua tu kwa vile mawese ipo Kigoma? Na inaliwaje?

Ujiji Mjini:
Hajabuni mkuu. Bahia, jimbo moja la Brazili, wanakaangia mawese hiyohiyo, wao wanaiita dendê. Nenda.

Msafiri wa Reli:
Mkuu hapo umegusa penyewe, nilikaa Salvador, mji mkuu wa hilo jimbo la Bahia, kimasomo na hicho chakula ndo kilinifanya nisikumbuke sana nyumbani. Asili yake ni Afrika Magharibi, Wayoruba mpaka leo wanakula bagia za kunde wanaziita akara, waliochukuliwa utumwani ndo walivuka nayo bahari na wanawake wakawa wanaitembeza mitaani. Mpaka leo wauzaji wengi ni kina mama wamevaa nguo nyeupe na kilemba, wanaitwa baiana, na kazi yao serikali ya Brazili iliiandikisha kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Kombe la Dunia 2014 ilikuwa kidogo wazuiwe kuuza pale uwanja wa Fonte Nova, wakapambana hadi wakaruhusiwa, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo maana chakula cha mtaani kikiondolewa mtaani kinakuwa kitu kingine kabisa.

Kuhusu kula, bagia yenyewe ni kubwa inajaa kiganja, wanaipasua katikati wanapakia vatapá, hilo ni rojo zito la mkate uliolowekwa, tui la nazi, karanga au korosho, uduvi na mawese, halafu bamia za kupikwa, kachumbari ya nyanya, uduvi mkavu juu na pilipili. Pilipili yao sema mapema unataka kiasi gani. Kula ikiwa moto, kwa mkono, ikipoa inanyonya mafuta na hapo ndo hao washkaji zako watakuwa na haki.

Mama Lishe Katubuka:
Mwanangu kukaba kooni kunatokana na mpishi, usiisingizie mawese. Mawese iliyokaa sana au iliyounguzwa ndo inakereketa. Kunde ziloweke usiku kucha, uzifikiche maganda yatoke yote, hapo ndo wengi wanachoka wanaacha nusu na bagia inatoka na vidoa na uchungu. Saga na kitunguu bila kujaza maji, tia chumvi, halafu piga ule uji kwa mwiko mpaka uwe mwepesi na uvimbe, unga wa ngano usiweke. Ukidondosha kidogo kwenye glasi ya maji kikaelea basi tayari.

Msafiri wa Reli:
Mama umemaliza kila kitu. Niongeze kwamba kule wanatumbukiza kitunguu kizima kwenye karai la mawese kikae humo wakati wanakaanga, wanasema kinasaidia mafuta yasiungue haraka.

Mtoto wa Kibirizi:
Asanteni sana, shikamoo mama. Sasa uduvi huku unapatikana kwa shida, jamaa anasema ataweka dagaa wetu wakavu waliokaangwa, itakuwa sawa kweli?

Mama Lishe Katubuka:
Marahaba. Wa Kigoma hawana mchanga, watoe vichwa uwakaange wakauke kabisa. Mi naona watapendeza kuliko huo uduvi.

Msafiri wa Reli:
Mbaiana angekukatalia ila mimi ningekula. Na hiyo pastel wao sokoni wanaishushia na juisi ya miwa, mwambie jamaa atafute mwenye mashine ya miwa akae naye jirani, ajaribu kuanzia Jumamosi hiyohiyo. Anafungua saa ngapi?

Mtoto wa Kibirizi:
Kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo mapema, coxinha huwa zinaisha kabla ya magharibi.