Tupeane uzoefu: mavazi ya filamu na maigizo ya kale yaliyotumika zaidi ya kazi moja (Mbeya, Iringa, Njombe)

Koti la Tatu (mleta mada), Mbeya
Habari zenu wadau. Nashona na kutunza mavazi ya filamu na maigizo. Kinachoniuma ni hiki: kila kikundi kikipata kazi ya enzi za Mjerumani kinanunua kaki upya na kushona upya, kisha kazi ikiisha watu wanagawana nguo wakalimie. Mwakani kikundi cha mtaa wa pili nacho kinaanza moja.

Wenzetu walishavuka hapo zamani. London kuna kampuni za kukodisha mavazi: Angels, iliyoanzishwa 1840, na Cosprop ya John Bright, iliyoanza 1965. Gauni la karne ya 19 linavaliwa kwenye filamu moja, baada ya miaka michache unalikuta kwenye tamthilia nyingine, limebadilishwa kola na mikono tu. Vazi lililokwishavaliwa linakaa mwilini kuliko jipya, na kamera inaliona hilo. Haya, leteni visa vyenu.

Mama Pindo, Mbeya
Mimi nina koti refu la sufu, la kijivu, nililolitoa kwenye belo Mwanjelwa. Lilikuja na zipu, na zipu haiwezi kuingia kwenye kisa cha miaka ya 1890; zilienea kwenye nguo miaka ya 1930. Nikafumua, nikaweka vifungo vya chuma, akalivaa ofisa wa Kijerumani. Kazi ya pili nikatoa vyeo vya mabegani, nikabandika kola nyeusi, likawa la mmisionari. Sasa hivi ni la mchimba dhahabu wa Lupa, kule Chunya. Hapo ndipo nilipofurahia kazi: nilisugua viwiko na midomo ya mifuko kwa msasa, nikajaza mifuko mawe na kulitundika usiku kucha ili ilegee, asubuhi nikapiga upindo vumbi jekundu lililolowa kidogo. Mwigizaji alipolivaa alianza kutembea kama mtu aliyechoka kabla hata hajaambiwa.

Shati jeupe la ndani nililichemsha na majani ya chai ya Rungwe. Weupe wa dukani unang'aa mno kwenye kamera.

Damu ya Kalenga, Iringa
Mama Pindo, heshima yako. Huku tunaigiza sana kisa cha Mkwawa na vita vya Lugalo, 1891. Naomba nisisitize jambo moja: kurudia vazi kusitufanye tuvalishe watu chochote kilichopo stoo. Nimeona mashujaa wa Kihehe wamejifunga vitenge vya maua! Tumieni kaniki (kitambaa cheusi cha pamba) na merikani (pamba isiyotiwa rangi), na migolole, yaani mashuka ya kujifunga, ishonwe kwa kitambaa kisicho na picha. Tena hizo ndizo rahisi kurudia kwa sababu shuka haina saizi, mnene na mwembamba wote linawatosha.

Migolole yetu ilikwenda pia kwenye igizo la Majimaji, sini ya Songea 1906. Mmoja ulikuwa na doa la damu bandia lililogoma kutoka. Tuliufunga upande wa pili, doa likaja kwapani, halikuonekana.

Mstari wa Nyuma, Mbeya
Kanuni yangu: vazi la mhusika mkuu, kazi inayofuata linakwenda kwa watu wa nyuma. Mtazamaji hukumbuka uso wa mbele na nguo yake.

Ila wekeni lebo. Joho alilovaa mwigizaji Alec Guinness kwenye filamu ya Star Wars ya 1977 lilirudi Angels likachanganyika na mengine, likawa linakodishwa kama joho la mtawa. Waligundua mwaka 2005, na 2007 likauzwa mnadani kwa pauni 54,000. Mimi nashona kitambaa kidogo ndani ya kola: jina la kazi, jina la aliyevaa, mwaka.

Ukungu wa Njombe
Kwetu adui ni kuvu. Nguo ikiwekwa na jasho, msimu mmoja wa ukungu unatosha kuimaliza. Usifungie kwenye mfuko wa nailoni. Sufu usiifue kwa maji ya moto, itasinyaa. Nyunyizia makwapa ya nguo pombe kali kwa chupa ya kupulizia, anika kivulini. Mafundi wa nje hutumia vodka kwa kazi hiyohiyo.

Kisa changu ni cha uchungu. Niliazima kikundi fulani suruali za kaki za askari, zikarudi zimekatwa kaptula. Suruali nilizokuwa nimeziachia nafasi ndani ya mshono makusudi, ili kiuno kitanuliwe! Siku hizi tunaandikishana: kubana ruksa, kutanua ruksa, mkasi hapana.

Mwalimu wa Drama, Tukuyu
Wakuu, nimepata nguvu. Shule yetu inaandaa igizo la Uhuru, 1961. Nahitaji kaptula za kaki za askari na makoti ya wazee wa mkutano. Bajeti ni ya nauli tu.

Ukungu wa Njombe
Mwalimu, zile kaptula zilizokatwa bado ninazo. Zitafaa kwako kabisa. Niletee vipimo vya kiuno.

Koti la Tatu
Makoti njoo kwangu, mwalimu. Yapo ya kahawia na meusi, yana vifungo, hayana zipu. Chagua kabla ya Ijumaa, wikiendi yana kazi nyingine.