Kamera ndogo kwa dola 200, Lubumbashi: mpya ya hapa au iliyokarabatiwa Ulaya?

Mwana_Kamalondo
Jambo wandugu. Natafuta kamera ya kuingia mfukoni, dola 200 ndio mwisho wangu. Ni kwa ubatizo, ndoa za familia, kwaya kanisani, na siku moja moja watoto wakienda Kipopo. Simu yangu mchana ni safi, usiku ni uji mtupu.

Nimebaki na tatu: Canon IXUS 185, mpya, iko dukani hapa mjini. Kodak FZ45, mpya pia, inatumia betri mbili za AA. Na Sony RX100 ya kwanza, ile ya 2012, shemeji ameiona Brussels. Imekarabatiwa, garanti mwaka mmoja.

mufoto_katuba
Yaya, ukishataja kanisani na usiku umejijibu. Usidanganywe na megapikseli, Canon na Sony zote zina 20. Angalia sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: ya Sony ni milimita 13.2 kwa 8.8, ya Canon kama 6.2 kwa 4.6. Eneo ni mara nne! Halafu lenzi ya Sony inafunguka mpaka f/1.8, ya Canon inaanzia f/3.2; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Ila ukivuta zumu, Sony nayo inashuka hadi f/4.9, kwa hiyo sogea kwa miguu yako.

Mama_Mapacha
Na umeme ukikatika siku mbili? Mimi niko na FZ45. Foto zake ni za kawaida, sitakudanganya, lakini AA hazikosi hata kwenye kibanda cha jirani. Ila achana na betri za bei ya chini kabisa, zinazimika padri akiwa bado anahubiri.

mufoto_katuba
Mama, RX100 inachajiwa kwa waya wa USB, ule mdogo wa simu za zamani. Pawabenki inatosha.

fundi_lenzi
Mnasahau vumbi. Kiangazi chetu mnakijua. Lenzi hizi zikitoka na kurudi ndani zinavuta hewa, na hewa inaingia na vumbi lake mpaka kwenye sensa. Huwezi kupangusa kwa kitambaa. Lazima niifungue kamera yote, na kazi hiyo mara nyingi inakula nusu ya bei uliyonunulia. Nyingine nafungua, narudisha, na bado doa liko palepale.

Kwa hiyo ya Sony, mwambie shemeji aibane lenzi mpaka f/11, ndipo vumbi linaonekana, apige ukuta mweupe, akutumie foto nzima, isipitie WhatsApp ikabanwa. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pamoja kila foto, hilo ni vumbi. Asikilize pia lenzi ikitoka: ikikwaruza, aiache. IXUS mimi singeinunua kwa kazi yako, hata video yake ni 720p tu, haifiki HD kamili.

Mwana_Kamalondo
Aksanti sana wote. Shemeji amepiga foto tatu. Kuna doa moja, juu kushoto, dogo kabisa. Yeye anasema halionekani, nipokee tu. Fundi?

fundi_lenzi
Akatae, aombe nyingine. Hiyo garanti iko na nguvu leo, yeye akiwa bado mlangoni kwao. Kamera ikishapanda ndege kuja huku, utaenda kumdai nani?

Mwana_Kamalondo
Amerudi dukani. Wanamtafutia nyingine Jumanne.