GPU inakata umeme wa ndege mzigo ukipanda: jenereta au kebo?

Kijana_wa_Apron: Wakuu, habari za kazi. GPU yetu (mashine ya kuipa ndege umeme ikiwa imeegeshwa) ya dizeli, kVA 90, ikiwa haina mzigo wa umeme inasoma volti 115 kila fezi na Hz 400, safi kabisa. Tukichomeka kwenye ndege ya A320, AVAIL (taa ya kuonyesha umeme wa nje upo) inawaka, rubani anabonyeza EXT PWR (swichi ya umeme wa nje), umeme unaingia. Wakiwasha oveni za chakula tu, unakata. Mwenzangu anataka tufungue jenereta. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Kebo: Jenereta iacheni kwanza. Kipimo cha bila mzigo hakikuambii kitu. Soma volti wakati oveni zinavuta. Halafu angalia nani amekata. GPU ikibaki inatoa umeme, basi ndege ndiyo imeukataa, na mara nyingi ni kwa sababu volti zimeshuka zikifika kwake. Ikijikata yenyewe, soma hitilafu kwenye paneli yake.

Zima kila kitu, kisha chukua kichwa cha plagi ukimulike tochi. Matundu manne makubwa ni fezi tatu na nyutro. Madogo mawili, E na F, ndiyo yanayoijulisha GPU kwamba plagi imekaa. Pini zake upande wa ndege ni fupi makusudi, ili plagi ikichomoka ziachie kwanza na umeme ukatike kabla kubwa hazijapiga cheche. Kwa hiyo kebo ikining'inia bila mkanda, uzito wake unavuta plagi, E na F zinalegea, GPU inakata. Na tundu kubwa lililopanuka linapata moto mzigo ukipanda.

Inaniuma sana kuona plagi ikiburutwa kwenye lami, au mtu anaichomoa kabla rubani hajatoa EXT PWR. Hapo ndipo matundu yanapoharibika.

Rubani_wa_Caravan: Sisi wa ndege ndogo za Caravan, volti 28 DC, plagi ya pini tatu, ni hivyohivyo?

Mzee_wa_Kebo: Kulegea na kuungua ni kulekule, mkuu. Ila wewe hakikisha pia kikomo cha ampea za kuwashia injini kimewekwa kama kitabu cha ndege kinavyosema.

Kijana_wa_Apron: Mzee, shikamoo! Ndege ndiyo iliyokataa. Tundu la fezi B ni jeusi na plastiki yake imevimba.

Mzee_wa_Kebo: Marahaba. Hiyo plagi isiguse ndege nyingine. Kama pua yake (sehemu ya mbele yenye matundu) inafunguka, badilisha pua tu. Waya ukiwa umeungua ndani, kata hadi ufike shaba safi. Na mwambie fundi wa ndege akague pini ya B, maana ikiwa nayo imeungua itakula plagi mpya.