MREJESHO: ile hesabu ya vipeo, 4^x = 8^(x−1)

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule wa Ngamiani Tanga niliyeuliza wiki ilopita mdogo wangu wa kidato cha pili afanyeje hiyo hapo juu. Asanteni sana jamani. Tulifata ushauri wa kugeuza vizio vyote (zile namba za chini zinazobeba vipeo, 4 na 8) viwe 2, ikawa 2^(2x) = 2^(3x−3), vizio vikishafanana unalinganisha vipeo tu, x = 3, tukairudisha pande zote ikaja 64 kwa 64, dogo akaruka pale mkekani hadi bibi akauliza kuna nini.

Ile ya 9^x − 8·3^x − 9 = 0 kuweka y = 3^x kulisaidia, y ikatoka 9 au −1, ila kwenye jaribio akazikubali zote mbili akakatwa maksi maana 3 hata uipe kipeo gani haiwi hasi, kwahiyo jibu ni x = 2 basi.

Iliyogoma ni 3^x = 20. Hapo 20 haigeuki kuwa 3 yenye kipeo kizima, ni logi (logarithm) tu, logi ya 20 ambayo ni 1.3010 gawanya kwa logi ya 3 ambayo ni 0.4771, x inakuja kama 2.73, dogo bado anatoa badala ya kugawanya. Kesho baada ya magharibi tunairudia.