Uingereza: National League ipandishe timu tatu au zibaki mbili? Mimi nasema tatu

Wadau wa soka, najua wengi macho yenu yako Premier League, ila huko chini daraja la tano kuna dhuluma ya miaka mingi na naomba tuijadili.

Kwa wasiofuatilia, National League ina timu 24, zinazopanda kwenda League Two (daraja la nne) ni mbili tu: bingwa anapanda moja kwa moja, mwingine anapatikana kwenye mchujo wa nafasi ya pili mpaka ya saba. Sasa chekini msimu wa 2024/25. Barnet bingwa kwa pointi 102, York City wa pili na pointi 96, pointi 96 jamani, halafu nusu fainali ya mchujo wakakutana na Oldham waliomaliza wa tano na pointi 73, wakapigwa 3-0 nyumbani kwao na kazi ya mechi 46 ikaishia hapo. Oldham wakaenda Wembley wakaifunga Southend iliyokuwa ya saba, wakapanda. Oldham siwalaumu hata kidogo, wamefuata sheria iliyopo, tatizo ni sheria yenyewe. Miaka miwili kabla yake Notts County walimaliza na pointi 107 nyuma ya Wrexham wenye 111 na bado wakapelekwa mchujo, wakaponea kwa penati fainali dhidi ya Chesterfield.

Kati ya League One (daraja la tatu) na League Two wanashuka wanne na wanapanda wanne. Kutoka Championship (daraja la pili) wanashuka watatu. Ukifika mpaka wa League Two na National League, wawili. Sababu mimi naiona wazi, wenye kura ni klabu 72 za EFL (ligi inayosimamia Championship, League One na League Two) wenyewe, na klabu iliyozoea kuhangaika mkiani itakubalije nafasi ya tatu ya kushuka? Kumbukeni kabla ya 1987 hakukuwa na kupanda moja kwa moja kabisa, wakubwa walipigiana kura kubakishana, kisha ikawa nafasi moja mpaka 2003 ndo zikawa mbili. Toka hapo kimya, mpaka klabu za chini zimeanzisha kampeni yao, 3UP, yaani wapande watatu.

Kuna hoja kwamba huko chini kuna klabu ambazo wachezaji wake ni wa kazi mchana mazoezi jioni, kwa hiyo ukipanua mlango utazishawishi klabu ndogo zitumie hela ambazo hazina. Naiheshimu hiyo hoja maana gharama zipo kweli, Harrogate 2020 na Sutton 2021 walivyopanda ilibidi wang'oe nyasi bandia zao sababu EFL hairuhusu, na kwa klabu ndogo uwanja ule ndo unaokodishwa wiki nzima unaingiza hela. Lakini mi naona mlango mwembamba ndo unaleta kamari kubwa zaidi, klabu inalipa mishahara ya timu ya kulipwa mwaka baada ya mwaka ikisubiri nafasi moja na bahati ya mchujo, na zile za nusu kulipwa zinalazimika kushindana na bajeti hizo hizo.

Pendekezo langu: wawili wa juu wapande moja kwa moja, wa tatu mpaka wa saba wagombee nafasi ya tatu. Mchujo unabaki, Wembley inabaki.

Nataka kuwasikia hasa mnaopinga. Kama wawili ndo idadi sahihi, mbona League One wanashuka wanne na hakuna anayelalamika?