Naomba ushauri: kuandika kuhusu michoro ya Kolo, ilimba ya Wagogo na sarafu za Mjerumani

Mkazi_wa_Kizota

Wakuu, habari zenu.

Nipo Dodoma mjini. Mwisho wa wiki naandika makala za safari, mila na vitu vya kale vya huku kwetu kanda ya kati. Tatizo ni kwamba makala zangu zimejaa sifa tu, "pazuri sana", "utamaduni wetu adhimu", msomaji akimaliza hana cha kushika. Kwa sasa nina mambo matatu mkononi: michoro ya miambani ya Kolo, ilimba (ala ya vyuma juu ya sanduku, hupigwa kwa vidole) na ngoma ya muheme kule Chamwino, na mkebe wa sarafu za rupia na hela uliobaki nyumbani kwa babu.

Kwenye michoro niandike nini na niache nini? Ilimba nikirekodi kwa simu inatoka na mkwaruzo, kosa liko wapi? Sarafu zimeingia weusi, nizisafishe kabla ya kuzipiga picha? Na sheria inasemaje kuhusu vitu vya kale vilivyo nyumbani?

Njiapanda_Kolo

Karibu mkuu. Nianze na michoro.

Dodoma hadi Kolo ni lami, kama kilomita 180, Kondoa mjini unaipita. Ukifika usipande mlimani peke yako. Simama kwenye ofisi ya michoro pale Kolo, lipia, upewe mwongozaji. Kwenda Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, kipande cha mwisho kinataka gari la juu, halafu unapanda kwa miguu.

Picha piga mwamba ukiwa wote kivulini. Nusu jua nusu kivuli, kamera inashindwa, na nyekundu ndiyo inayopotea kwanza. Kila mchoro uwe na picha tatu: ya mbali inayoonyesha jiwe zima, ya ukuta, na ya karibu ikiwa na rula ya sentimita 10 pembeni. Rula ishikwe hewani, isiguse rangi. Daftarini andika rangi, urefu wa mchoro, kimo chake kutoka chini, ukuta unatazama upande gani wa dira, na mchoro upi umelala juu ya upi. Hilo la mwisho usiliache kamwe, maana ndilo linaloonyesha kilichotangulia. Nyekundu zenye mistari myembamba, wanyama na watu warefu, kwa kawaida ndizo za zamani zaidi na zinahusishwa na wawindaji. Nyeupe nene zimekuja baadaye, za wakulima na wafugaji, na mara nyingi utazikuta zimepanda juu ya nyekundu.

Usimwagie maji mchoro ili rangi iamke. Inaamka kweli, dakika chache tu. Maji yanavuta chumvi iliyo ndani ya jiwe, yakikauka chumvi inabaki juu kama ukungu mweupe, na mchoro unafifia moja kwa moja. Watu wamepoteza michoro mizima hivyo, inauma sana. Tumia DStretch, programu inayokuza rangi zilizofifia kwenye picha. Kwa nyekundu jaribu mpangilio wake wa LRE au YRE. Ila chini ya picha uandike kwamba rangi zimekuzwa, usimdanganye msomaji.

Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951. Ukipata nakala zake, linganisha ukuta kwa ukuta. Makala ya "wakati ule na sasa" ina uzito kuliko sifa zote unazoziandika.

Vya kuacha: namba za GPS. Eneo limo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, lakini wapo bado wanaochimba chini ya miamba wakitafuta eti mali ya Mjerumani, na udongo ule ndio wataalamu wanaousoma tabaka kwa tabaka. Taja kijiji, inatosha. Pia Mungomi ni mahali pa matambiko hadi leo. Ukikuta watu wako kwenye shughuli yao, kamera iingie begini.

FundiZeze

Kwenye ilimba, hakikisha kwanza kama huo mkwaruzo ni kosa. Tazama kwenye ubao wa sanduku, utaona tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando ule umewekwa makusudi: kidole kikigonga chuma, sanduku linatikisa hewa, utando unatetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki. Mwombe mpigaji agonge chuma kimoja tu, weka simu chini, sikiliza kwa sikio. Kama mvumo unausikia hapo, ndiyo sauti ya ilimba yenyewe. Usiuondoe kwa programu ya kusafisha kelele, utabaki na sauti ya bati.

Kama sikio halisikii lakini simu inasikia, sababu ni moja kati ya hizi. Simu iko karibu mno: ipeleke nusu mita, pembeni kidogo ya tundu. Simu imelala kwenye benchi moja na mpigaji: mtikisiko unapita kwenye mbao, kunja kanga mara nne uweke chini yake. Upepo: kiangazi cha Dodoma unajua kilivyo, kaa upande wa nyumba usiopigwa na upepo na uvike maiki sponji. Au simu inajipandishia sauti yenyewe: tafuta programu inayokuruhusu kuzima hiyo, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli −12, uhifadhi kwa WAV, faili lisilobana sauti. Usihamishe faili kwa WhatsApp, inabana sauti; tumia waya.

Muheme ni habari nyingine. Akina mama wanazibana ngoma katikati ya mapaja, na wanapiga kwa nguvu. Rudi nyuma mita 3 au 4.

Kabla hawajaanza, sema kwenye maiki tarehe, kijiji, jina la kikundi na jina la wimbo. Kisha hesabu vyuma vya ilimba, pima sanduku, uliza vyuma vilitengenezwa kutokana na nini. Wengi wanaijua ilimba kupitia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, lakini usichukulie kwamba kila kijiji kinapiga kama yeye.

Bi_Mbukwenyi

Mwanangu, mimi naongezea la mila. Acha kuandika "Wagogo hufanya hivi". Andika: kijiji fulani, mwaka fulani, aliyesema ni bibi wa makamo gani. Mvumi na Mpwapwa hawafanani kwa kila kitu. Neno la Cigogo liandike kama lilivyotamkwa, ulirudie mbele ya aliyelisema akusahihishe, ndipo uweke maana.

Pita kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa wazee wenyewe. Ruhusa ya kurekodi siyo ruhusa ya kusambaza, iombe zote mbili. Nyimbo za jando, hata ukizisikia ukiwa nje ya uzio, haziandikwi.

Rupia_Pesa64

USISAFISHE. Weusi juu ya fedha ni ngozi ya sarafu, inailinda, na mnunuzi anayejua anaitafuta hiyo. Ukisugua kwa majivu, ndimu au Brasso unakwangua herufi, na mikwaruzo haiondoki tena. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (siyo asidi!), saa 24, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa bila kufuta. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi, yaache. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, itenge hiyo na zingine na uiweke pakavu sana.

Hifadhi kwenye bahasha za karatasi, moja moja. Andika kwa penseli kabla ya kuingiza sarafu. Vile vimfuko laini vya plastiki vinatoa ute wa kijani unaokula shaba.

Picha: kitambaa cha kijivu, mwanga wa dirishani unaoingia kwa ubavu, pande zote mbili na ukingo. Andika uzito na alama ya kiwanda: A ni Berlin, J Hamburg, T Tabora. Hadi Mjerumani alipobadili mfumo wa sarafu 1904, pesa 64 zilifanya rupia 1. Baada ya hapo hela 100. Neno "hela" tunalotumia sokoni kila siku limetoka hapo, hilo peke yake ni makala.

Sheria: ni ya Mambo ya Kale ya 1964. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 pia. Kuchimba na kupeleka nje ya nchi vinataka kibali. Kabla hujamwonyesha mgeni anayetaka kununua, lielewe hilo.

Mkazi_wa_Kizota

Shukrani sana wakuu, na wewe mama. Swali la mwisho: mkebeni kuna moja ya njano yenye tembo, 15 RUPIEN, 1916, herufi T. Ni dhahabu kweli?

Rupia_Pesa64

Inawezekana, ila za bandia ni nyingi. Halisi ziligongwa Tabora wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke, hapo Singida. Peleka kwenye mizani ya sonara inayosoma nukta mbili: halisi ni gramu 7.17 hivi. Ya shaba nyeupe au njano yenye ukubwa uleule haifiki hata 5. Kisha chukua lenzi uangalie mwili wa tembo. Vishimo vidogo kama vya uji uliochemka, au mshono kwenye ukingo, ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Sonara asiisugue kwenye jiwe lake la kupimia. Ishike ukingoni muda wote, na picha ya mizani ikionyesha namba uiweke hapa.