Bekoo au ekskaveta: shimo la mita 5 kwenye mfinyanzi

MwenyeKiwanja: Wakuu, nina mitaro ya mabomba ya kina cha mita 1.5 na shimo la tangi la mita 5. Udongo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha hata gari tupu linanasa. Nikodi mashine gani?

Opereta_Mkongwe: Mkuu, shimo ndilo linaloamua. Bekoo ya kawaida, ile ya matairi, huishia kina cha mita 4 na kitu. Ekskaveta ya tani 20 inafika mita 6 vizuri tu, na minyororo inayotembelea hutawanya uzito, haizami kama matairi.

Mama_Saiti: Bekoo nayo msiidharau. Inajiendesha barabarani, ekskaveta ya minyororo hubebwa na lobedi (trela la chini la kubebea mashine), na unalipia kwenda na kurudi. Ekskaveta ikimaliza shimo iondoke, mitaro iachie bekoo. Inachimba kwa mkono wa nyuma, inafukia kwa koleo la mbele.

MwenyeKiwanja: Shukrani. Buldoza je?

Opereta_Mkongwe: Ya nini? Inasukuma, haipakii. Ila nakusihi, kuta za shimo zichongwe kwa mteremko. Mtu asishuke zikiwa wima, mfinyanzi hukatika ghafla. Na udongo uliochimbwa urundikwe mbali na ukingo.